Uzi: Kabla hamjaongeza kitufe kipya kwenye programu ya gari, someni hapa

#1 MsanifuSkrini (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, asiye na nafasi sasa auhifadhi ausome akitulia.

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kusanifu skrini za programu ya simu inayozungumza na gari. Ile ambayo mwenye gari anafungia milango akiwa mbali, anaangalia chaji au mafuta yaliyobaki, anawasha kiyoyozi kabla hajaingia. Sikuianza mimi, niliikuta. Na ndiyo sababu ya mada hii: maandiko ya kuanza programu kutoka sifuri yamejaa, lakini wengi wetu tunakabidhiwa kitu ambacho tayari kinatumika, chenye watu waliokizoea, magari ya miaka tofauti yanayoitegemea seva ileile (kompyuta ya kampuni inayopokea na kupitisha amri), na orodha ya maombi ya vipengele isiyofika mwisho. Wakubwa wanataka hiki, watu wa mauzo wanataka kile, na mshindani ametoa kingine jana.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayepinga ajue pa kushika. Kipengele kipya ukikijenga juu ya programu isiyosema ukweli kuhusu hali ya gari, umeongeza uongo. Programu kwanza ijue kutofautisha mambo matatu: gari limethibitisha, tunasubiri, hatujui. Ikishayajua hayo, ongezeni mnachotaka.

Somo hili nililipata kwenye kitufe cha kufunga milango. Tulikuwa tunatengeneza kipengele cha kumkumbusha dereva aliyeondoka bila kufunga gari. Arifa inaingia, unabonyeza "Funga", basi. Mezani ilikuwa inapendeza kweli. Siku moja nikaegesha gari la majaribio kwenye maegesho ya chini ya jengo, nikapanda juu na ufunguo nikauacha kwenye droo kwa makusudi, maana nilitaka kushinda na simu tu. Arifa ikaja, nikabonyeza. Mchoro wa kufuli ukajifunga na kugeuka kijani.

Saa mbili baadaye nikashuka. Kabla sijafungua chochote kwenye simu nikavuta mpini wa mlango, kwa mazoea tu, na mlango ukaja. Begi la kompyuta lilikuwa palepale kwenye kiti, nashukuru. Nikatoa simu mfukoni nikaitazama: kufuli bado la kijani, na mimi nimesimama mbele ya mlango ulio wazi.

Tulipofukua tukakuta hivi. Skrini ilipangwa ibadilike pale seva inapopokea amri. Kule chini modemu ya gari, yaani kifaa chake cha mtandao wa simu, haikuwa na mtandao hata chembe. Seva ikajibu "nimepokea", skrini ikaandika "imefungwa". Hakuna aliyekusudia kudanganya, ila neno moja lilibadilishwa maana njiani na hakuna aliyeona, kwa kuwa mezani gari la majaribio huwa na mtandao saa zote.

Karibuni. Nina mengine, lakini nataka kusikia kwanza mnakwama wapi.

#2 FundiNyaya

Mkuu, mimi niko upande wa gereji, umeme wa magari. Nalileta hili kama lalamiko la fundi kwa nyinyi wa simu. Gari linaletwa limezimika kabisa, mwenyewe anaapa hajaacha taa. Unapima betri ya volti 12, imekauka. Unamuuliza, anakuonyesha simu: kaweka kitu kinachosoma hali ya gari kila baada ya dakika chache, mchana na usiku, gari limeegeshwa wiki mbili. Gari halijalala hata siku moja. Hivi mnapochora hizo skrini mnajua kwamba kila "onyesha upya" inaamsha kompyuta za gari?

#3 MsanifuSkrini (mleta uzi)

Asante sana fundi, hapo umegusa penyewe. Nikiri kwamba wasanifu wengi hatujui mpaka tuambiwe na watu kama wewe, na mimi niliambiwa.

Kwa wasiofahamu, amri husafiri hivi. Simu inatuma kwa seva ya mtengenezaji. Seva inatafuta gari kupitia mtandao wa simu, kwa sababu ndani ya gari kuna kitengo cha mawasiliano chenye laini yake. Gari lililoegeshwa limelala. Modemu inabaki na sikio moja wazi kusikiliza wito, vingine vyote vimezimwa. Wito ukifika, modemu inaamka, inaamsha kompyuta inayounganisha mitandao ya ndani ya gari, nayo inaipelekea amri kompyuta ya milango. Mota za makufuli zinazunguka, swichi zinasema milango imefunga au imegoma, na jibu linarudi njia ileile hadi kwenye simu. Gari likiwa macho, sekunde chache. Likiwa limelala usingizi mzito, nimeona ikikaribia dakika nzima. Na umeme wa safari yote hiyo unatoka kwenye betri ndogo ya volti 12.

Watu hushangaa kusikia kwamba hata gari la umeme linategemea betri ileile ndogo. Lina betri kuu kubwa sakafuni, lakini swichi nzito zinazoiunganisha betri kuu zinahitaji umeme wa ile ndogo ili zijifunge. Ndogo ikifa, kubwa inabaki imejaa na gari haliwaki.

Kwa hiyo ombi dogo linaloonekana la bure, mfano "wekeni chaji iliyobaki kwenye skrini ya kwanza ya simu, ijisasishe yenyewe", linalipiwa na betri ambayo mtumiaji haioni. Sisi tulilijibu hivi: gari lenyewe ndilo linatuma taarifa pale jambo linapobadilika, yaani limezimwa, limeanza kuchaji, mlango umefunguliwa. Nyakati nyingine programu inaonyesha kilichotumwa mara ya mwisho, na saa yake imeandikwa kando kwa herufi zinazosomeka, si kijivu kilichofifia pembeni. "Chaji 64%, saa 1:50 usiku." Anayetaka kujua hali ya sasa hivi anavuta skrini, gari linaamshwa, lakini idadi ya kuamsha ina ukomo gari likiwa limeegeshwa. Ukomo ukifika tunamwambia sababu waziwazi: tunailinda betri ili gari liwake kesho.

Tulitegemea malalamiko ya ukomo huo. Yalikuja machache mno. Mtu akielezwa sababu inayohusu gari lake anaelewa.

#4 Mwanaseva

Nimeusoma uzi wote. Nakubaliana nusu. Upande wa seva naijua hiyo tofauti ya "nimepokea" na "nimetekeleza". Lakini mkuu, biashara haitaki skrini inayosema "hatujui". Mshindani anaonyesha kijani papo hapo, mtumiaji anaona yake ina kasi na yetu inazubaa. Utalitetea vipi hilo kwenye kikao?

#5 MsanifuSkrini (mleta uzi)

Swali zuri, na kwenye kikao niliulizwa hivyo hivyo. Sikujibu kwa maneno. Nilionyesha kumbukumbu za amri.

Tulichukua amri za kufunga na kufungua tukafuatilia mtu anafanya nini baada ya kijani cha haraka. Wengi walikuwa wanabonyeza tena. Mara ya pili, ya tatu. Maana yake walishaacha kuamini kile kijani, waligundua wenyewe kwamba hakimaanishi kitu. Kasi tuliyojivunia ilikuwa imezaa tabia ya kubonyeza mara tatu.

Na kubonyeza mara tatu kuna hatari ambayo Mwanaseva ataielewa haraka. Gari liko chini ya ardhi, halipatikani. Amri zinakaa foleni kwenye seva. Gari linapotoka nje na kupata mtandao, foleni yote inashuka kwa mpigo. Sasa chukulia amri iliyokwama ni ya *kufungua*. Ulimtuma ndugu yako achukue kitu kwenye gari, ukabonyeza ufungue, ikagoma, ndugu akaondoka. Baadaye gari limehamishwa, limeegeshwa barabarani, mtandao umerudi, amri ya zamani inatua. Gari linajifungua peke yake na mwenyewe hayupo. Nimeliona likitokea kwenye majaribio, na usiku huo sikulala vizuri.

Kwa hiyo kila amri iwe na muda wa kufa. Ukipita, seva inaitupa na simu inaambiwa imetupwa. Na amri mpya ya aina ileile iifute ya zamani, zisipange mstari. Hiki mtumiaji hatakiona kwenye matangazo, lakini bila hicho vipengele vyote vya mbali ni hatari.

Kuhusu kuonekana tunazubaa: kusubiri kunauma pale skrini inaponyamaza. Tulipoandika hatua kwa hatua, "Inaliamsha gari", "Gari limepokea", "Imefungwa, saa 2:14 usiku", muda ulikuwa uleule lakini kubonyeza tena kulipungua.

#6 FundiNyaya

Ongezea na hili: gari linajua *kwa nini* limegoma. Mlango wa nyuma haujabanwa, ufunguo umeachwa ndani, boneti iko wazi. Zamani mteja alikuwa anaona "Imeshindikana, jaribu tena" na anajaribu tena mpaka betri inaisha.

#7 MsanifuSkrini (mleta uzi)

Kabisa fundi. "Jaribu tena" ni maneno ya mtu asiyetaka kuuliza gari. Tuliomba orodha ya sababu zote ambazo gari hutoa likikataa kufunga, tukaandikia kila moja sentensi yake. "Mlango wa nyuma kushoto haujabanwa." Mtu anarudi hatua kumi anausukuma, basi. Hicho nakihesabu kuwa kipengele kipya kamili, ingawa hakina kitufe.

#8 DadaUsukani

Samahanini mnaoongea kitaalamu, mimi ni mtumiaji wa kawaida. Mna mpango gani na watu waliobaki kwenye gari lako bila wewe kujua? Nilinunua gari lililotumika. Miezi kadhaa mbele kiyoyozi kikawa kinajiwasha gari likiwa limeegeshwa. Nikapeleka kwa fundi nikidhani ni nyaya. Kumbe mwenye gari wa mwanzo bado alikuwa na programu kwenye simu yake, na alipouza aliisahau. Alikuwa mtu mwema, aliomba radhi. Lakini muda wote huo angeweza kuona ninakolala.

#9 MsanifuSkrini (mleta uzi)

Dada, pole sana, na usiombe samahani. Ulichoeleza ni kikubwa kuliko vyote nilivyoandika hapo juu.

Na kimejulikana zamani. Mwaka 2017 mtafiti wa usalama wa IBM, Charles Henderson, alieleza hadharani kwamba aliuza gari lake na bado akawa anaweza kuliona na kulifungua kwa simu baada ya muda mrefu, ingawa alifuta data zote alizoziona ndani ya gari. Kufuta ndani ya gari hakukugusa akaunti iliyokuwa kwenye seva. Mwaka mmoja kabla, Februari 2016, mtafiti mwingine wa usalama, Troy Hunt, alionyesha kwamba programu ya gari la umeme la Nissan Leaf ilikuwa inakubali amri kwa mtu yeyote mwenye namba ya chasi ya gari, bila kuuliza nenosiri. Namba ya chasi unaisoma kwenye kioo cha mbele ukipita kwa miguu. Mtu wa nchi nyingine angeweza kuwasha kiyoyozi chako na kusoma safari zako. Nissan waliisimamisha huduma ile mpaka warekebishe.

Hivyo mtu akiniletea wazo la "kushiriki gari na familia", ambalo liko kwenye orodha ya kila kampuni, swali langu la kwanza ni moja: nani anaweza kumwondoa nani? Kumwongeza mtu ni rahisi, skrini moja na kiungo. Kumwondoa ndiko penye kazi. Aliyesajili akaunti mara nyingi siye anayeendesha kila siku. Mume kasajili, mke anaendesha, wametengana. Mwenye akaunti anaona gari lilipo saa zote, na anayeendesha hana hata kitufe cha kulizima hilo. Katika jimbo la California jambo hili lilifika kwenye sheria mwaka 2024: watengenezaji wanatakiwa wawe na njia ya kumkatia mnyanyasaji uwezo wa kulifikia gari kwa mbali. Mpaka sheria iandikwe, ujue wasanifu tulichelewa.

Kwenye programu yetu tulifanya mambo mawili, na moja ndilo nililolipigania. La kwanza: orodha ya kila mwenye uwezo juu ya gari, na uwezo gani, inasomeka ndani ya gari lenyewe, kwenye skrini ya dashibodi, si kwenye simu ya mwenye akaunti tu. Aliyekaa nyuma ya usukani ana haki ya kujua nani anamwona. La pili: anayeendesha anaweza kuzima kuonekana kwa mahali gari lilipo akiwa ndani ya gari, na kuzima huko kusipeleke arifa inayomtaja aliyezima. Hilo la arifa lilileta mabishano makali. Wengine walisema mwenye akaunti ana haki ya kujua. Mimi nilisema arifa hiyo inaweza kumfikisha mtu kupigwa. Nilishinda, na sijutii.

Kwako wewe dada na kila anayenunua gari lililotumika: kabla hujalipa, mwenye gari aliondoe kwenye akaunti yake ukiona kwa macho, kisha lisajili kwa jina lako siku hiyohiyo. Kufuta data ndani ya gari peke yake hakutoshi.

#10 DadaUsukani

Nimekuelewa kaka. Hilo la kuonekana ndani ya gari ningelipenda sana. Asante.

#11 Mwanaseva

Turudi kwenye magari ya zamani. Kipengele kipya kikitoka, nusu ya magari barabarani hayakiwezi. Mnafanyaje? Mwaka 2022 AT&T walipozima mtandao wa simu wa zamani wa 3G kule Marekani, kuna magari yalipoteza huduma za mbali moja kwa moja, na programu nyingine zikawa zinaonyesha vitufe visivyo na kazi.

#12 MsanifuSkrini (mleta uzi)

Mfano mzuri. Gari linaishi miaka 15 au zaidi, simu inabadilishwa kila baada ya miaka michache, na mtandao wa simu una maisha yake. Sisi tuliacha kabisa kupanga skrini kwa jina la modeli na mwaka. Programu ikifunguka inaiuliza seva: gari hili hasa, kwa namba yake ya chasi, linaweza nini? Seva inarudisha orodha, na skrini inajengwa kwa orodha hiyo. Gari lisilo na kiyoyozi cha mbali halionyeshwi kitufe cha kijivu cha kumtamanisha mtu. Hakipo tu. Isipokuwa kile ambacho alikuwa nacho kikaondolewa: hapo tunamwandikia kilichotokea na tarehe. Kumnyang'anya mtu kitu kimyakimya ni kumkosea adabu.

Na vipengele vya karibu na gari msivipitishe kwenye seva bila sababu. Novemba 2021 seva za programu ya Tesla ziligoma kwa saa kadhaa, na wenye magari waliozoea kufungua kwa simu wakajikuta nje ya magari yao. Ukiwa umesimama kando ya mlango, simu na gari vizungumze vyenyewe kwa mawimbi ya redio yanayofika karibu tu. Viwango vya ufunguo wa simu vipo tayari. Car Connectivity Consortium, muungano wa kampuni za magari na simu, ulitoa toleo la 3.0 la kiwango chake mwaka 2021, linalopima umbali wa simu kwa usahihi ili mwizi asirefushe mawimbi kwa kifaa chake kirahisi na kulidanganya gari kwamba simu iko karibu. Hapo intaneti haihitajiki kabisa.

#13 Mwanaseva

Na kulipia vipengele kwa mwezi?

#14 MsanifuSkrini (mleta uzi)

Kwa kifupi: huduma inayotumia laini na seva kila siku, sawa, ina gharama. Kitu ambacho mnunuzi amekwisha kununua kikiwa ndani ya gari, hapana. BMW walijaribu kuuza joto la viti kwa mwezi katika nchi kadhaa, watu wakakasirika, na mwaka 2023 wakaacha. Sina zaidi hapo.

Ninalotaka kuongeza ni kuhusu data, maana kila kipengele kipya kinaomba kidogo. Ukumbusho wa mahali ulipoegesha unataka mahali. Kumpa dereva alama kwa anavyoendesha kunataka breki na mwendo. Mwaka 2023 Toyota walitangaza kwamba taarifa za wateja takriban milioni 2.15 wa Japani zilikuwa wazi kwenye seva kwa karibu miaka kumi kwa sababu ya mpangilio uliokosewa. Mwishoni mwa 2024 ikajulikana kwamba data za magari ya umeme yapatayo 800,000 ya kundi la Volkswagen ziliachwa wazi, na mengi kati yake mahali yalipo palionekana kwa usahihi mkubwa. Data ambayo hukuikusanya haiwezi kuvuja. Ukumbusho wa maegesho tunauweka kwenye simu ya mtu, seva haiujui, na unafanya kazi vizuri tu.

#15 Mwanaseva

Sawa mkuu, umenishawishi kwenye muda wa kufa kwa amri. Nataka kwenda nalo kazini Jumatatu. Nipe namba mlizotumia.

#16 MsanifuSkrini (mleta uzi)

Hizi ni zetu, pimeni kwa mtandao wenu kabla ya kuzichukua.

Kufungua: sekunde 90. Ikipita hapo inakufa, na kuanza upya lazima mtu aweke alama ya kidole tena. Kufunga: dakika 10, kwa sababu kufunga kwa kuchelewa hakumwachi mtu wazi, ila gari likiwa linaendeshwa amri inafutwa papo hapo. Kiyoyozi: dakika 5, maana baada ya hapo mtu ameshaingia au ameshabadili mawazo. Ratiba ya kuchaji: haifi, inasubiri mpaka gari lipatikane, lakini skrini inaendelea kuonyesha ratiba ya zamani kuwa ndiyo inayofanya kazi, na mpya chini yake ikiwa na maneno "bado haijafika kwenye gari".

Na maneno ya pale dakika 10 za kufunga zinapopita, yale tuliyoyaandika mara nyingi kuliko yote, ni haya: "Gari halijajibu, na amri imefutwa. Mara ya mwisho kuwasiliana, saa 1:50 usiku, milango ilikuwa haijafungwa. Kama uko karibu, nenda ukaangalie."

Hiyo sentensi ya mwisho walitaka kuikata kwa kuwa inamtuma mtu atembee. Iacheni.